Nyota Kumi na Saba Kwenye Rejista ya Fomalini

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo bila aibu. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini na tisa katika chumba ambacho kila asubuhi huletewa ndoo yenye viungo vya watu, na bado saa nne akanywa chai yake na mandazi mawili, huyo mtamshangaza na nini? Nimeona jiwe la kibofu kubwa kama yai la bata. Nimeona uvimbe wenye nywele na meno ndani yake. Siku hiyo mwanafunzi wa udaktari alizimia, nikamdaka kwa mkono mmoja, na mkono wa pili haukuiachia chupa.

Mwezi uliopita nilistaafu, kabla ya umri wenyewe, kwa sababu ya kifua na macho. Ile dawa yetu ya kuhifadhia nyama haina urafiki na mtu. Sifa, ambaye sasa amekalia kiti changu, aliniambia: "Mzee Rajabu, andika hayo maneno yako. Ukiondoka hapa tutakosa mtu wa kujisifu." Sifa ni binti wa Bukavu, ulimi wake ni wembe. Basi naandika, kwa ajili yenu mliobaki kwenye chumba cha kukatia. Ninyi mna diploma. Mimi nina darasa la tano la Bombo, na hata hilo la tano sikulimaliza. Lakini makala za Dokta Resty kuhusu saratani ya matiti, zile zinazosomwa hadi nchi ambazo mimi sitazifikia, zilipita kwanza kwenye vidole hivi. Mkitaka ukweli, nusu ya umaarufu wake ni wangu. Nikimwambia hivyo hucheka, lakini hajawahi kukataa.

Nilianzia Wandegeya, kwenye kibanda cha chakula. Wanafunzi walikuwa wanakuja kula kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, na mimi ndiye niliyekuwa mkataji. Mteja wetu mmoja alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la kahawia, hasemi na mtu. Siku moja akasimama nyuma yangu akaniangalia nikikata.

"Vipande vyako vyote vinalingana," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Wateja, mzee. Kimoja kikizidi wanapigana."

Hakucheka. Alisema kuna kazi ya kufagia hospitalini, nifike Jumatatu, na nisije nikinuka vitunguu. Huyo ndiye Mzee Erisa, mkubwa wa maabara ya kupima vipande vya nyama za wagonjwa. Jina la hospitali naliacha, wenyewe mnalijua.

Nilifagia miezi sita bila kugusa kisu. Nilikuwa nayeyusha nta, naosha vioo, na kusikiliza. Kwa wageni watakaosoma haya nieleze kidogo. Nyama ikitoka chumba cha upasuaji inatumbukizwa kwenye fomalini ili isiharibike. Halafu inakaushwa maji, inalowekwa kwenye nta ya moto, ikipoa inakuwa bloku ndogo kama kipande cha sabuni. Bloku hiyo ndiyo tunayoikata, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, tunaibandika kwenye kioo, tunaitia rangi, daktari anaitazama kwa hadubini. Kila neno la daktari linategemea kama mkataji aliamka vizuri.

Wakati ule visu vilikuwa vya chuma, vya kunoa wenyewe juu ya sahani ya kioo. Mzee Erisa alikipima kisu kwa kunyoa unywele mmoja wa mkono wake. Mkono wake wa kushoto haukuwa na nywele hata moja, ukimwona unajua alivyo makini. Alinifundisha kuweka barafu juu ya bloku kabla ya kukata. Alinifundisha kutoa pumzi kwanza, kisha kuzungusha gurudumu la mashine, na nisizungumze. "Ukisema, nyama inatetemeka," alikuwa ananiambia. Mara ya kwanza nilipopata utepe mzima, ukaelea juu ya maji ya uvuguvugu kama utando wa maziwa, alisogea, akatazama, akasema, "Chapati." Mpaka anastaafu hakuniambia sifa nyingine. Ile ilinitosha.

Dokta Resty alikuja baadaye, msichana bado, na swali lake kichwani. Alitaka kujua wanawake wa kwetu wanapata saratani ya matiti ya aina gani, na kwa hilo alihitaji bloku za miaka iliyopita pamoja na za wagonjwa wapya. Ofisini walimwambia zimepotea. Hazikuwa zimepotea. Mimi nilikuwa nimeziokoa stoo ilipovuja, nikazipanga kwenye maboksi ya viatu niliyookota sokoni, mwaka kwa mwaka, na pilipili kavu kila boksi kwa sababu ya panya. Nilipomfungulia mlango, alikaa chini sakafuni na gauni lake zuri.

"Rajabu, nani alikuambia ufanye hivi?"

"Hakuna. Mimi najiambia mwenyewe."

Alinieleza kazi yake kwa maneno ninayoweza kubeba. Kuna uvimbe wa titi unaokula homoni za mwanamke mwenyewe. Huo una vidonge vyake, mgonjwa anameza kila siku miaka mitano, uvimbe unakosa chakula. Na kuna ule usiojali homoni, ambao vidonge hivyo ni kama kumeza chaki. Sisi tunatia rangi maalumu kwenye kioo. Ikitokea kahawia, mama anapewa vidonge. Isipotokea, hapewi.

Ilimchukua miaka. Makala ilipotoka, ilisema kwamba wengi wa wanawake aliowapima rangi haikutokea. Akaniletea nakala. Kiingereza chake kilikuwa kama ukuta, lakini ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani, niliona jina langu. Nilikwenda Wandegeya nikatoa nakala thelathini. Kamwokya ninakoishi, hata kinyozi anayo ukutani. Alinyoa watu mwaka mzima chini ya saratani ya matiti.

Makala ile ilitembea. Dokta aliniambia kila ilipofika: madaktari wa nchi fulani wameiandika kwenye makala yao, mkutano fulani wamemwita aende kuzungumza, chuo fulani kinafundishia. Wageni walikuja kutazama stoo yangu ya maboksi ya viatu wakapiga picha. Na kuna jambo jingine, ambalo wakati ule nililichukua kama sifa tu. Hospitali nyingine za mikoani zilianza kusema, kama wanawake wa huku uvimbe wao hausikii vidonge, kwa nini tugharamike kupima? Wakaacha. Makala ikishatoka, haimuulizi tena mwenyewe inakokwenda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Katika miaka ile ya kukusanya, kulikuwa na miezi ambayo fomalini haikuletwa. Kanuni mnaijua: sehemu moja ya dawa kali, tisa za maji. Pipa letu lilikuwa limebaki chini kabisa. Maabara nyingine zilifunga milango. Mimi sikufunga. Nilichanganya moja kwa ishirini. Nilipoona bado haitoshi, nilichukua ile iliyokwisha kutumika, nikaichuja kwa kitambaa, nikaongezea humo. Nyama haikuoza, bloku zilikatika vizuri, rangi za kawaida zilitokea safi kabisa. Mkurugenzi alituandikia barua: maabara pekee ambayo haikusimama hata siku moja. Nikaibandika ukutani. Na kila chupa niliyoihifadhi kwa ujanja wangu nilichora nyota ndogo ya wino wa bluu kwenye rejista, mbele ya namba ya mgonjwa, ili siku moja wakitoa zawadi niwaonyeshe kazi niliyoifanya. Sikumwambia mtu jinsi nilivyochanganya. Fundi haelezi kila kitu.

Mwaka mmoja baada ya makala, Dokta Resty alipata barua kutoka kwa profesa wa mbali. Profesa aliandika kwa adabu, lakini adabu yenye miba. Alikuwa anauliza: hao ambao rangi haikutokea, je, ni wanawake wako walivyo, au ni chupa zako?

Dokta alikuja mbio na karatasi mkononi. "Rajabu, fomalini yetu tulichanganya vipi siku zote?"

Nilimtazama machoni. "Moja kwa tisa, Dokta. Kama alivyotuachia Mzee Erisa."

"Hata ile miezi ya shida?"

"Hata ile."

"Nilijua," akasema, akaenda kuandika jibu. Alikuwa ameudhika na yule profesa, na alikuwa na haki, kwa sababu aliniamini. Jibu lingetumwa asubuhi ya pili yake.

Nilirudi kwenye kiti changu, lakini lile swali la chupa lilinifuata. Nikatoa vioo vichache vya miezi ile, nikamwita Sifa, wakati huo ana mwezi wa pili kazini. Hadubini yetu ina macho ya watu wawili. Nikamwambia anieleze anachokiona, kama namjaribu.

"Uvimbe huu hapa," akasema. "Hauna kahawia."

"Naam."

"Lakini mzee, tazama pembeni. Hivi ni vijia vya maziwa vya kawaida, havina ugonjwa. Hivi lazima viwe na kahawia kidogo. Mwanamke yeyote anayo. Hapa hakuna."

"Na maana yake?"

"Maana yake hiki kioo hakijasema hapana. Kimenyamaza tu."

Tukatazama cha pili. Kimenyamaza. Cha tatu vilevile. Nilisoma namba kwenye kila kioo, nikaenda kwenye rejista. Nyota, nyota, nyota. Sifa aliniuliza kama naumwa, maana nilikuwa nimekaa juu ya ndoo.

Mtanisamehe, mimi si mtu wa kuomba radhi, sijazoea, sijui hata mikono inawekwa wapi. Lakini nilifika ofisini kwa Dokta kabla yake. Aliponikuta mlangoni alifikiri nimefiwa.

"Dokta, ile barua usiitume."

"Kwa nini?"

"Nilikudanganya. Haikuwa moja kwa tisa."

Nikamweleza yote, kitambaa na kila kitu. Alikaa polepole.

"Rajabu, unajua watu wangapi wameandika wakisimama juu ya ule ukurasa wangu?"

"Najua. Uliniambia mwenyewe kila mara."

"Na mikoani wameacha kupima. Kwa sababu yangu." Alikuwa haniangalii. "Na wale wagonjwa wenyewe. Tuliwaambia hakuna vidonge vyao. Bambi, maskini, wametoka hapa mikono mitupu." Kisha akauliza, "Chupa ngapi?" kwa sauti ya mtu ambaye hataki kusikia.

"Za matiti, kumi na saba."

"Usikisie! Hii si chapati."

"Sikisii." Nikafungua rejista. "Hizi nyota."

"Nyota za nini?"

"Za sifa, Dokta. Nilitaka mkitoa zawadi mwone nilivyookoa dawa."

Alizitazama, ukurasa baada ya ukurasa. Alicheka kicheko ambacho sikukipenda, halafu akafuta macho kwa mkono wa koti. "Kama ungekuwa mnyenyekevu," akasema, "leo nisingejua ni nani wa kumtafuta. Ningelazimika kuifuta makala nzima. Nenda katoe vipande vyao vya sindano."

Nilimwelewa mara moja, na hapo ndipo nilipopumua kidogo kwa mara ya kwanza. Kabla ya upasuaji, kila mama huwa amechomwa sindano nene kliniki, inatoa kipande chembamba kama njiti. Kliniki walikuwa na chupa zao ndogo zilizojazwa fomalini nzuri tangu kabla ya uhaba. Vipande hivyo navyo viko kwenye nta, kwenye maboksi yangu ya viatu. Nilivikata mimi mwenyewe, vyote kumi na saba, sikumruhusu Sifa hata kushika brashi. Nilitoa pumzi kila mara kama nilivyofundishwa. Sikuzungumza.

Siku ya majibu tulikaa watatu, Dokta kwenye jicho moja la hadubini, Sifa kwenye jingine, mimi na rejista. Dokta alikuwa anasema neno moja tu kila kioo. Wa kwanza: "Hapana," yaani kweli hauna. Wa pili: "Hapana." Wa tatu. Wa nne. Nilikuwa naomba kimoyomoyo hiyo "Hapana", neno ambalo hakuna mgonjwa angelitaka, na nililiona hilo pia. Wa saba akasema, "Kahawia." Nikaizungushia nyota yake duara.

Mwishoni walikuwa wanne. Kumi na watatu walikuwa vilevile kama makala ilivyosema. Makala haikuanguka, iliinama tu. Wale wanne tuliwatafuta kwenye mafaili. Wawili walikuwa wamepewa vidonge na daktari mwingine, mkaidi, asiyeamini karatasi za maabara. Allah ambariki kwa dharau yake. Wa tatu, simu yake ilipokelewa na dada yake. Alikuwa amefariki, na kwa ugonjwa huo huo. Dokta alisema hakuna anayeweza kujua kama vidonge vingemwokoa. Alisema kweli. Namba yake ya bloku naijua kwa kichwa, na sitaiandika hapa.

Alibaki wa nne, Mama Awino, mwenyeji wa Kisumu. Simu yake ilikuwa haipatikani. Nilimwambia Dokta nitamleta mimi. Akasema, "Mwambie tu kwamba namwita. Mengine nitamwambia mwenyewe." Faili lilisema Kamwokya, nyuma ya soko. Kumbe alikuwa jirani yangu! Lakini mwenye nyumba aliniambia kahama zamani, anauza samaki wa chumvi Ggaba, kando ya ziwa. Nikapanda boda hadi Ggaba.

Ukifika pale ukauliza Mama Awino unaonyeshwa watatu. Wa kwanza alinifukuza. Wa pili alikuwa anauza mkaa. Wa tatu alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa cha njano kichwani, amekaa nyuma ya beseni la samaki wakavu.

"Mama Awino?"

"Kama wewe ni wa ushuru wa soko, Awino alikufa."

Ninyi mnaweza kucheka. Mimi nilikuwa nimekuja njia nzima na neno hilo kooni. Niliinama nikashika magoti.

"We mzee, usinifie kwenye samaki! Ni utani. Kaa hapo. Unatoka wapi?"

"Hospitali. Dokta Resty anakuita."

"Dokta Resty alisema vidonge vyangu hakuna. Sasa niende kuangalia dirisha lake?"

"Vipo, mama."

"Vilikuwa wapi?"

Niliagizwa nisiseme. Lakini alikuwa ananitazama kama Mzee Erisa anavyotazama kisu. "Nilikukosesha mimi," nikasema. "Nyama yako ililetwa kwangu niihifadhi kwa dawa. Dawa ilikuwa chache, nikaipunguza. Kipimo kikakosa nguvu, tukadhani hakuna."

Aliokota samaki mmoja, akamgeuza, akambonyeza tumboni kwa kidole gumba.

"Kwa hivyo ulipunguza chumvi."

"Ndiyo."

"Kwa nje akapendeza."

"Alipendeza sana. Nilipewa barua."

"Barua!" Akamgeukia jirani yake. "Sikia huyu, kapunguza chumvi na kapewa barua." Wakacheka kwa Kijaluo muda mrefu, na mimi nikakaa nikachekwa. Kisha akamrudisha samaki kwenye beseni. "Nimechelewa?"

"Dokta anasema kuchelewa si sawa na kukosa. Lakini twende leo."

"Na samaki hawa? Na siku yangu?"

"Nitalipa."

"Yote?"

"Yote. Mimi ni mtu mzima, nina kazi."

Alichukua kipande cha boksi na kalamu, akaandika taratibu, huku ananiangalia kana kwamba nitakimbia. Tukaenda.

Dokta alimpima upya, akakuta ugonjwa haujarudi. Alianza vidonge siku hiyo hiyo. Mpaka leo anakuja, ana afya ya kunitukana, na mimi husikia mwili wote ukilegea kila nikiona kitambaa cha njano kwenye korido. Dokta Resty aliandika kwenye jarida lile lile kurekebisha makala yake, akataja wale wanne. Halafu akaandika makala ya pili, kuhusu chupa: kwamba kabla hujasema wanawake wa mahali fulani uvimbe wao ukoje, uulize kwanza nyama ilihifadhiwaje, na utazame vijia vya kawaida pembeni. Hospitali za mikoani zimeanza kupima tena. Yule profesa wa mbali aliandika kumshukuru, na makala hiyo ya chupa imetembea kuliko ya kwanza. Sifa alinitafsiria shukrani za mwisho: kwa fundi aliyeweka kumbukumbu, na aliyesema. Kwa hiyo sasa nasema si nusu tena, umaarufu wake ni robo tatu wangu.

Ninyi mliobaki, changanyeni moja kwa tisa. Dawa ikiisha, fungeni mlango na mseme imeisha. Barua ya kusifiwa haipimi mtu.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kulipa kwa kazi yangu, kwa jina langu, pengine hata kwa polisi. Dokta alinipa onyo la maandishi, nikalibandika pale ilipokuwa barua ya mkurugenzi. Aliyenitoza ni mmoja tu, na kile kipande cha boksi bado ninacho: beseni la samaki, siku moja ya kazi, teksi ya kwenda na kurudi, chai, chapati mbili, na faini ya chumvi. Shilingi elfu tisini na tatu na mia tano.